Fowili ya mtumba: gari la kukufikisha Gesima na kukurudisha

Fowili ya bei nafuu haishuki tena melini. Hilo ni jambo la kwanza kulielewa kabla hujamaliza Jumamosi zako zote ukizunguka yadi za Mombasa. Kiwango cha KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS, hakiruhusu gari la mtumba kuingia Kenya likiwa limepita miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyokubaliwa ni magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Na magari madogo yenye fowili ya kweli, yale ambayo mwalimu au mwenye duka pale Kongowea angeweza kuyafikia, mengi yaliundwa kabla ya hapo. Yanayoshuka sasa kwa bei ya kufikirika ni yale yenye sura tu ya fowili: yameinuka kidogo, yana plastiki nyeusi pembeni, lakini ukiinama chini unakuta magurudumu ya mbele peke yake ndiyo yanayovuta.

Yapo ya kweli, bila shaka. Suzuki Jimny ya umbo jipya ilianza kuuzwa 2018, kwa hivyo umri unairuhusu, na Prado za miaka ya karibuni zinaingia kila wiki. Ila ushuru hauangalii ulilipa kiasi gani kule Japani. KRA hupiga hesabu kwa orodha yake ya bei za magari mapya, ikapunguza kwa umri, kisha ikatoza. Ushuru wa forodha peke yake ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao ni mkubwa zaidi kwa injini kubwa, kisha VAT na ada nyinginezo. Kwa mtu aliyechukua mkopo wa sacco, mlango huo umefungwa.

Wengine watakunong'onezea kuhusu Tanga na Unguja. Ni kweli kwamba Tanzania haiyakatazi magari yenye umri mkubwa. Huyatoza zaidi tu. Lakini gari la mwaka 2007 lililosajiliwa kule halitapata namba ya Kenya, kwa sababu kiwango kile kile cha miaka 8 kinalingoja mpakani. Litakaa na namba za kigeni na kibali cha muda, na siku moja litakamatwa ukiwa nalo wewe, si yule aliyekuuzia.

Kwa hivyo ukinunua fowili ya bei nafuu leo, unanunua gari ambalo limeshaishi Kenya miaka kumi au zaidi, limepita mikono miwili mitatu, na limefunguliwa na mafundi usiowajua. Kazi yote ya kuchagua inaanzia hapo.

Kilomita za mwisho

Safari nitakayoitumia kama kipimo ni ya Mombasa hadi Gesima. Wengi wetu tumeoa na kuolewa bara, na mara moja au mbili kwa mwaka kuna arusi, kuna matanga, kuna mahari ya kupelekwa. Gari linajaa wazee, watoto na gunia la nazi. Gesima ni wadi ya eneobunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, upande wa Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania miaka mingi. Ni kama kilomita 800 kutoka kwetu kupitia Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, na karibu zote ni lami. Taabu iko katika zile chache za mwisho.

Kaunti ya Nyamira imekaa kati ya mita 1,250 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Masaba ni wa juu. Mvua yake ya mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 2,100, ilhali Mombasa hupata kama 1,000. Msimu mrefu huanza Februari ukaenda hadi Juni, na ule mfupi Septemba hadi mwanzo wa Desemba, na hata katikati ya misimu hiyo hunyesha alasiri bila kubisha hodi. Sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mwekundu wa volkeno, mzuri ajabu kwa chai na ndizi, mbaya ajabu kwa barabara. Ukilowa, juu huwa kama sabuni na chini hubaki mgumu. Malori ya kukusanya majani chai hayawezi kungoja ukauke, kwa hivyo hupita na kuchimba mifereji miwili, na katikati panabaki mgongo. Gari fupi hukaa juu ya mgongo huo kama jahazi lililoachwa na maji.

Mwenyeji atakuambia Probox inafika kila mahali, na hasemi uongo. Probox ndiyo matatu ya Kisii na Nyamira. Lakini dereva wake anaijua njia ile kona kwa kona, amebeba watu wa kutosha kuyakandamiza magurudumu chini, na ikikwama abiria wanashuka wakasukuma. Wewe una mama mwenye magoti mabovu. Hata hivyo niseme wazi: ikiwa wakwe zako wanakaa karibu na lami na unakwenda Januari, usinunue fowili. Nenda na gari ulilonalo, au panda basi, na hizo kilomita za mwisho lipia Probox.

Gia ndogo na kazi yake

Neno fowili linafunika vitu ambavyo havifanani. Kuna magari kama Nissan X-Trail na Honda CR-V, ambayo siku zote huvutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma husaidia pale tu ya mbele yanapoteleza. Kuna yale yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote, kama Subaru Forester. Halafu kuna yenye gia ndogo: Escudo, Jimny, Pajero, Prado, Hilux na ndugu zao.

Gia ndogo ni seti ya pili ya gia inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu inayofika magurudumuni. Watu wengi hudhani kazi yake ni kupanda. Katika vilima vya Gesima kazi yake kubwa ni kushuka. Ukiteremka njia nyekundu iliyolowa na ukakanyaga breki, magurudumu hufunga na gari huteleza likiwa zima, kwa mwendo wake lenyewe, kuelekea mtaroni au penye migomba ya watu. Ukiwa kwenye gia ndogo, namba moja, injini yenyewe hulishika gari, linashuka kwa hatua ya mtu anayetembea, na mguu wako hauna haja ya kugusa breki. Sijaona kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo. Ndiyo maana, kwa safari hii, sipendekezi gari lisilokuwa nayo kwa mtu anayesafiri msimu wa mvua, hata liwe zuri kiasi gani barabarani.

Jambo moja la kutahadhari nalo. Jimny, Hilux na Land Cruiser nyingi za kazi zina fowili ya kuunganisha ukitaka, na ukiiunganisha kwenye lami kavu unazivunja gia, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaruhusiwi kupishana mwendo unapopinda. Waliouziwa na mtu mwenye haraka hawaambiwi hili.

Magari yenyewe

Chaguo langu la kwanza ni Suzuki Escudo ya umbo lililotoka 2005, ambayo kwingine huitwa Grand Vitara. Ina fowili ya muda wote, na kitufe cha duara chenye nafasi ya 4H, 4H yenye kufunga, 4L yenye kufunga, na N. Chini ina takriban sentimita 20 za kupita juu ya mgongo wa njia. Injini zake za petroli za lita 2.0 na 2.4 hazina maajabu, na hilo ni sifa. Spea zipo Mombasa na Nairobi, na mafundi wanaijua. Ubaya wake: inakunywa mafuta kuliko sura yake inavyoonyesha, buti ni dogo, na ikiwa aliyekuwa nayo alikuwa mvivu wa kubadilisha oili, cheni ya injini huanza kupiga kelele asubuhi inapowashwa. Sikiliza hiyo kelele ikiwa injini ni baridi. Muuzaji aliyeliwasha gari kabla hujafika ana sababu yake.

Jimny ni ndogo, nyepesi, na kwenye matope itafika pale ambapo Prado itabaki ikilia. Ina chesisi ya ngazi na ekseli nzima mbele na nyuma. Lakini ni ya watu wawili na mizigo, au wanne wasiobeba kitu, na zile za injini ya sisi 660 zitakuchosha roho kati ya Mtito Andei na Nairobi. Usukani ukitetemeka kwa nguvu ukifika kasi fulani, beringi na bushi za mbele zimekwisha. Bei ishuke au uondoke.

X-Trail ya kwanza, ya 2000 hadi 2007, iko kila mtaa na bei yake inavutia. Kitufe chake cha kufunga fowili husaidia kujinasua kwa mwendo mdogo tu, na gia ndogo haina. Forester inashika barabara vizuri kuliko zote nilizozitaja, lakini hiyo nayo haina gia ndogo kwa matoleo mengi yanayouzwa hapa, na inataka matairi manne ya saizi moja yaliyolika sawa. Ukichanganya, unaumiza mfumo wa kuvuta. Toyota Rush nyingi nchini zinavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ingawa zipo za fowili zenye kitufe cha kufunga. Inama uangalie kama kuna shafti inayokwenda mbele. Usiamini kibandiko cha nyuma.

Sasa Prado. Hapa ndipo pesa za watu wengi wa Pwani zimezama, na ni kwa sababu ya heshima zaidi kuliko njia. Kufika ukweni na Prado ni salamu kabla hujafungua mdomo, naelewa. Lakini Prado ambayo bei yake inalingana na ya Escudo nzuri ni Prado ya 1996 hadi 2002, na nyingi kati ya hizo zina injini ya dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KZ-TE. Silinda hedi yake ni ya alumini, na ikipata joto kupita kiasi mara moja tu, hupasuka. Si lazima ipasuke mikononi mwako. Huenda ilipasuka miaka minne iliyopita, ikachomelewa, ikauzwa. Prado iliyofuata, ya 2002 hadi 2009, ikiwa na dizeli ya 1KD, ni gari jema sana, ila nozeli zake zikichoka bei ya seti moja inaweza kumlaza mtu hospitali. Ukilazimika kuwa na Prado, tafuta ya petroli ya lita 2.7. Ni nzito, haina mbio, inakula mafuta, na itakufikisha.

Pajero ina gia nzuri na bei yake hushuka haraka, kwa hivyo kwa mtu mwenye fundi wake wa kuaminika inaweza kuwa mali. Asiye na fundi huyo aiache. Land Rover za zamani ni mapenzi, na mapenzi hayana ushauri.

Joto, maji na kimo

Gari lililozaliwa upya Mombasa halijawahi kupanda kilima. Kati ya Changamwe na ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mai Mahiu linapanda zaidi ya mita 2,000, likiwa limejaa, mara nyingi likiwa nyuma ya lori. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo ukifika Gesima umebaki na nguvu pungufu karibu kwa moja ya tano. Gari lililokuwa jepesi Nyali linaanza kuomba gia ya chini.

Na maji. Kwenye mita 2,000 maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzuri huyaongezea mgandamizo yasichemke mapema. Kilichochoka hakifanyi hivyo. Hapa kwetu kuna kosa jingine la ziada: watu hujaza rejeta maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Mombasa na Kilifi yana chumvi, na chumvi inakula rejeta na njia za ndani za injini polepole, bila dalili, hadi siku ya mlima. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Ukiona maji mekundu kama chai ya rangi, au ukoko mweupe, gari hilo limenyweshwa kisima. Ukiona mafuta yanaelea juu yake, funga, shukuru, nenda zako.

Kabla ya kulipa gari lolote, liendeshe nusu saa, si dakika tano. Mvita tumbarare hapana mlima, lakini daraja la Nyali na mteremko wa Mazeras vinatosha kukuonyesha sindano ya joto inavyotembea. Likizima, ngoja dakika kumi uliwashe tena likiwa moto.

Kutu na matope

Gari la Pwani lina kutu, la bara lina matope, na matope huoshwa. Kwa sababu hiyo ningependelea kununua Nairobi, Nakuru au hata Kisii kwenyewe kuliko kununua Malindi gari ambalo limelala miaka kumi mita mia mbili kutoka baharini. Usiridhike na bodi iliyong'arishwa. Lala chini na tochi. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, hasa juu ya magurudumu ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hutoa sauti ya mkate mkavu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni swali linalotaka jibu.

La bara nalo lina yake. Bushi na shoki huwa zimekwisha kwa mashimo, na huenda lilipitishwa kwenye mafuriko. Nairobi ya Aprili na Mei 2024 iliyazamisha magari mengi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama kuna mstari wa tope. Tazama reli za viti kwa chini. Mwombe fundi afungue skrubu ya oili ya difu, mbele na nyuma: ikiwa oili ina rangi ya maziwa, maji yaliingia.

Kupima fowili yenyewe ni rahisi, na wanunuzi wengi hawapimi. Tafuta uwanja wa udongo au mchanga. Funga fowili, weka gia ndogo, kisha pinda usukani hadi mwisho na uende polepole. Gari linapaswa kuwa zito na kukataa kupinda vizuri, kana kwamba linavutwa. Likipinda kilaini, fowili haijashika, hata taa ya dashibodi ikiwaka. Taa inayopepesa bila kutulia pia ni ugonjwa. Kwa Hilux na Land Cruiser za zamani kumbuka kufunga vile vizibo vya katikati ya magurudumu ya mbele kwanza, vinginevyo utalihukumu gari zima kuwa bovu.

Kilomita zilizoandikwa zisikushughulishe sana. Tazama raba ya breki ilivyolika, usukani ulivyong'aa, kiti cha dereva kilivyobonyea. Na herufi za namba ya gari hukuambia lilisajiliwa Kenya lini, hazikuambii liliundwa lini.

Karatasi

Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, uombe nakala ya rekodi za gari kwa namba yake. Ni ada ndogo. Jina litakalotoka lifanane na la mtu anayekuuzia, na namba ya chesisi ifanane na ile uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma, si kwenye karatasi. Gari ambalo mkopo wake haujaisha hubeba jina la benki pia kwenye logibuku. Kwa mikopo midogo ya siku hizi, ambayo mtu hukopa kwa dhamana ya gari huku akiendelea kuliendesha, tafuta pia katika sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, ambayo nayo iko eCitizen.

Sheria ya barabara inataka umiliki uhamishwe ndani ya siku 14 baada ya kuuza. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Usimalizie pesa zote kabla hajaanza. Maneno kama "ami, mimi nipo tu, tutamalizia wiki ijayo" yamewaacha watu na magari ya marehemu na kesi za mirathi zisizowahusu. Ukitaka jicho la tatu, AA Kenya hukagua na kutathmini magari, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini.

Pesa za baada ya kununua

Tuseme una shilingi milioni moja. Tafuta gari la laki saba na nusu hadi nane. Zilizobaki si akiba, ni sehemu ya bei: matairi, oili zote pamoja na za difu na gia, mikanda, mipira ya maji, dawa ya rejeta, betri, breki. Aliyetumia milioni nzima yadini ataondoka na matairi ya mtu mwingine.

Na matairi ndiyo yanayogusa Gesima, mengine yote yako juu yake. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita, hata likiwa na meno, limekauka, na jua la Pwani hulikausha mapema zaidi. Chukua yale ya meno ya kati, ya lami na vumbi, kwa saizi iliyoandikwa na kiwanda. Kwa Escudo nyingi ni 225/70R16 au 225/65R17. Vijana hupenda kuweka mapana. Kwenye mchanga wa Diani tairi pana lina faida, lakini kwenye udongo mwekundu jembamba hukata ule utelezi wa juu likafika penye ugumu. Vivyo hivyo kupunguza upepo: sisi tumezoea kupunguza sana kwa ajili ya mchanga, lakini kule punguza kidogo tu, na beba pampu ya kurudisha. Kamba ya kuvutia, koleo na ubao wa kuwekea jeki vikae garini daima. Kwa msimu wa mvua kubwa, minyororo ya kufunga kwenye matairi husaidia kuliko ushauri wa watu ishirini wanaosimama kando.

Mafuta hesabu mapema. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,600. Gari la kilomita 10 kwa lita litataka lita 160, la kilomita 7 litataka karibu lita 230, na tofauti hiyo ya lita 70 inarudi kila safari. Jaza tangi nyumbani. Katika bei anazotangaza mdhibiti wa kawi, EPRA, kila tarehe 14, za Mombasa huwa chini ya za bara kwa kuwa mafuta yanashukia hapa.

Ukishafika, usilirudishe gari kabla hujalitumia. Kutoka Kisii unaweza kwenda Kilgoris na Lolgorian ukaingia Masai Mara kwa lango la Oloololo, upande ambao magari ya watalii si mengi. Au ushuke Homa Bay hadi mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, mahali pekee Kenya palipobaki na korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweupe na mweusi. Lakini kule udongo ni mweusi, na tabia yake ni nyingine kabisa. Mwekundu huteleza, mweusi humeza. Hujaza meno ya tairi, ukafanya gurudumu kuwa duara la tope, na gia ndogo haitakuokoa ikiwa umeshazama hadi ekseli. Mvua ikianza ukiwa ndani, geuza gari mara moja ufuate alama zako ulizokuja nazo. Ikinyesha usiku kabla hujaondoka, ngoja hadi saa nne au tano jua likaushe juu, na uulize mlangoni gari la mwisho lilipita wapi.